Baba, Hii Ni Kawaida?

3 Februari

Shikamoo Baba,

Natumai hamjambo nyote, na mguu wa Mama umepata nafuu. Mimi mzima wa mwili. Kazini nimekabidhiwa programu iliyoandikwa na mtu aliyeondoka zamani. Nikiuliza, naambiwa, "Si umesoma wewe?" Ikikwama, msimamizi ananigombeza mbele ya wote. Huu ni mwezi wangu wa tano hapa. Baba, kazi ya kwanza ndivyo ilivyo, au tatizo ni mimi? Naikumbuka sana karakana yako, nikikushikia kisahani cha skrubu. Pale sikuwahi kuogopa kuuliza.

Binti yako

19 Februari

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Mguu wa mama yako sasa unafika sokoni. Mdomo ndio haujawahi kuugua. Ni kawaida, mwanangu. Mimi nilimtumikia fundi wangu miaka mitatu, akinirushia bisibisi, mpaka nikawa huyu fundi redio unayemjua. Jikaze. Nami nakumbuka ulivyokuwa unahesabu skrubu kwa sauti, wateja hoi kwa kicheko. Siku zile zilikuwa tamu.

Baba yako

6 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Kimya chako kimenikosesha raha. Jana nilifungua karakana, nikakaa tu, sikushika kazi. Nina neno. Ile miaka mitatu ni uongo. Nilikaa miezi saba, nikatoroka, kwa sababu nilikuwa natetemeka nikisikia viatu vya yule fundi mlangoni. Ufundi niliupata kwa mzee mwingine, mpole, ambaye nikiunguza kitu alivuta kiti tukakichunguza wote. Niliona haya kukuambia kwamba baba yako alikimbia. Kazi kuwa ngumu ni kawaida. Kutetemeka kila asubuhi si kawaida. Acha hiyo kazi, mama. Rudi hata kesho, chumba chako kipo.

Baba yako

14 Juni

Shikamoo Baba,

Natumai mko salama. Mimi mzima, na safari hii ni kweli. Barua yako nimeisoma mara nne, nalia huku nacheka.

Baba, niliacha kazi tangu Machi. Nimeshapata nyingine, na watu wa hapa wanajibu ukiwauliza. Kilichonifunga mdomo miezi yote hii si kazi. Nilishindwa kumwandikia fundi aliyevumilia miaka mitatu kwamba bintiye kashindwa na miezi sita.

Binti yako