Shikamoo ya Kupita

Shoga Wadha, nimejifungia chooni nacheka. Wageni wa posa yangu bado wako ukumbini.

Baba si kawabana? Kakunja uso, anawauliza habari za mposaji wangu: "Thuwaini wenu ana adabu kwa wakubwa?" Baba huyo huyo, wallahi.

Bibi Mabruka, mamake mama, akaweka kikombe cha kahawa chini. Akaanza.

Mwaka themanini na nne Humoud, yaani huyo baba yangu, alirudi kutoka masomoni Ulaya akamposa mama. Theluji ikaanguka huku kwetu Oman, mlimani Jabal Akhdar, naye akawachukua wakwe kutembea, na skii zake fupi za kupandia milima, vile vibao vya kutelezea thelujini, ajionyeshe. Akapanda baina ya mierezi, kifua mbele, akageuka akaanza kuteremka. Kuteleza alijua. Kusimama hakujua.

Huku chini Bibi anatandika mkeka. Humoud akamwona mkwewe yuko mbele yake, roho ikamruka: akimpita bila ya kumwamkia, posa imevunjika. Basi akamwamkia hivyo hivyo, mbio: "Shikamoo mamaaa..."

Anapita, shoga. Shikamoo ya kupita. Bibi anasema alipoitika marahaba, mtu keshaukumbatia mwerezi.

Lile kovu la kipajini, analosema kalipata mpirani, klabu ya Fanja? Ndilo hilo.

Baba kaiinamia halwa. Bibi akawageukia wageni: "Na huyu nikamwoza mwanangu. Wenu kaingia, kasimama, kaamkia. Sisi tumekubali."