Diski Ndogo na Maneno ya Mama

Mutalau, Niue
Jumamosi

Mdogo wangu mpenzi Ataloma,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji Hima na wanangu wawili. Baridi ya Auckland mnaionaje mwaka huu? Kile kifua chako kimetulia? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto halinipi raha kila nikipanda ngazi za kanisa. Shangazi Moka anakusalimu. Masikio yamekwisha kabisa, lakini ulimi bado una afya.

Habari za hapa ni zile zile za watu kuondoka. Akina Vilitama walipanda ndege mwezi uliopita, wakapigilia mbao madirishani. Sasa kutoka kwangu hadi kanisani zimebaki nyumba tatu tu zenye watu. Nikioka takihi ya magimbi na mapapai natumia bakuli dogo kuliko yote, na bado inabaki, naila kesho yake, na kesho kutwa. Juzi nilijikuta nazungumza na redio, nikaipa na nafasi ya kujibu.

Sasa nikupe kisa cha kompyuta ile mliyonitumia. Jumatatu ya wiki iliyopita ilianza kukwaruza kama kaa ndani ya ndoo, kisha kioo kikawa cheusi. Nilikaa mbele yake nikalia kama mtoto. Si kwa ajili ya kompyuta. Humo ndimo nilimohifadhi rekodi ya Mama akieleza ukoo wetu na mipaka ya shamba, na mahakama ya ardhi ilikuwa isikilize shauri letu Alhamisi ya wiki hii.

Nilimwendea Mzee Ikipa wa kijiji cha Toi, yule fundi wa simu aliyestaafu. Akaifungua, akainusa, akasema diski yake imekufa kwa chumvi, tena imekufa vizuri, haina haja ya maombi. Akaniuliza kama nilikuwa na nakala ya akiba. Nikamwambia ninayo, kwa kuwa kila mwisho wa mwezi nilihifadhi kompyuta nzima kwenye diski ya nje, nakala mpya ikifuta ya zamani, kama ulivyonifundisha. Akapiga makofi. Akasema basi nimeshapona, kilichobaki ni kutafuta pa kuimwaga.

Pa kuimwaga ndipo palipokuwa na kazi. Madukani hapakuwa na diski mpya, na ndege ingekuja Ijumaa, siku moja baada ya shauri. Ikipa akachomoa diski kwenye kompyuta yake mwenyewe iliyovunjika kioo, lakini ilikuwa robo tu ya ukubwa wa ile ya zamani. Programu ikagoma. Ilisema diski mpya ni ndogo kuliko ya kwanza, ingawa vitu vyangu havikuwa vimeijaza hata ile ya kwanza. Ikipa akanieleza kwamba programu ile ni kama mtu anayehama nyumba akataka kubeba hata vyumba vitupu. Ikabidi aazime diski kubwa kwa mwalimu mmoja, kwa ahadi ya kuirudisha Jumatano asubuhi. Mpango ukawa tuimwage nakala yote humo, tutoe visivyo na lazima, tubane vyumba vitupu, ndipo tuhamie kwenye ndogo.

Jumatatu na Jumanne nilishinda mezani kwake nikichagua cha kuacha. Ikipa alikuwa akinichungulia begani na kunitania.

“Binti, una picha mia tatu za kuku mmoja. Huyu kuku ni waziri?”

Nikamwambia alikuwa mtagaji hodari. Akasema mbona hata mkewe hakupigwa picha mia tatu, na alizaa watoto saba. Nilicheka, Ataloma, sauti yangu ikanishtua. Kuku akaenda, kwaya ikaenda, michezo ya watoto wako ikaenda. Jumanne mchana tulikuwa bado tumezidi kidogo tu. Lilibaki folda la Mama, na Ikipa akatoka kuwalisha nguruwe ili nisikilize peke yangu.

Mdogo wangu, tafuta mahali ukae kabla hujaendelea kusoma.

Ndani ya folda lile kuna rekodi ambayo hujapata kuiona. Mama yuko kwenye kiti chake, blanketi magotini. Ni siku kumi na moja kabla hajafa, siku ya Jumatano. Aliniomba nimrekodi, nikutumie. Anaongea na wewe dakika arobaini. Anasema, “Ataloma, mwanangu, mimi nakwenda. Panda ndege ya Ijumaa hii. Usingoje ya pili.”

Sikuituma. Nilimwambia nimeituma.

Ijumaa ile alitaka nimchane nywele, akakaa barazani akitazama barabara. Jioni nikamwambia ndege ilikuwa imejaa. Ulipopiga simu Jumapili nikakwambia amelala na anaendelea vizuri. Alikuwa macho, Ataloma. Ijumaa ya pili akachanwa tena nywele, nikamwambia umekosa ruhusa kazini. Jumapili akafa, akiamini kwamba ulisikia na hukuja. Na siku ya mazishi, Shangazi Moka aliposema mbele ya watu kwamba uliweka kazi mbele ya mama yako, nilikuwa nimeshika sahani, nikaendelea kupakua chakula.

Miaka kumi na tisa nilimwosha, nikamlisha, na kila jioni aliniuliza habari zako. Nilitaka zile siku za mwisho aniulize habari zangu. Hakuniuliza. Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine nzuri zaidi.

Ikipa aliporudi alitazama orodha akaonyesha kwa kidole. Akasema rekodi hii moja ni nzito, nikiitoa tu tumemaliza. Hakujua ni nini. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na kama ningekibonyeza hakuna mtu duniani ambaye angejua. Nikamwambia hii inabaki. Nikatoa harusi yangu badala yake, yote, na mume wangu Tiakia mle ndani akicheka. Diski ikatosha. Jioni kompyuta ikawaka kama haijawahi kuugua. Alhamisi mahakama ilisikia sauti ya Mama, na mpaka umebaki alipouweka Babu.

Ndani ya bahasha utakuta kadi ndogo niliyoibandika kwenye karatasi. Rekodi yote imo. Isikilize Hima akiwepo, usiwe peke yako. Kesho baada ya ibada nitasimama mbele ya watu na kumweleza Shangazi Moka, kwa sauti kubwa ili asikie. Sikuombi msamaha kwa barua. Ukitaka kuja kuniambia usoni uliyo nayo, nitakuja kukupokea uwanjani. Usipotaka kuja, nitaelewa.

Karibu na mwisho Mama anaimba kidogo, anasahau maneno, anacheka. Usiizime kabla ya hapo.

Wasalimie watoto. Mbusu yule mdogo kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako,
Sinahemana