Aliyemfufua Fundi Mkuu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limekubali kukunjika, maana mara ya mwisho uliniambia unapanda ngazi za wodini kwa mguu mmoja kama korongo, na wagonjwa ndio wanaokupa pole badala ya wewe kuwapa wao. Shemeji hajambo? Na wapwa zangu? Yule mkubwa aliniandikia ujumbe akitaka kujua kama ni kweli mjomba wake ndiye anayeandika upuuzi ule wa siku hizi. Mwambie mjomba ameusoma, na ameumeza. Mimi kwa mwili sijambo kabisa. Kinachoniuma ni kichwa na roho, ndiyo maana nimechukua karatasi badala ya simu. Kwenye simu utanikatiza, nami ukinikatiza nitapata mlango wa kutorokea.

Umeniuliza tena nani alimfufua Fundi Mkuu. Umesema nikupe jina tu, mengine utamalizana naye mwenyewe. Nitafika huko, Dada. Niache kwanza nilalamike, kwa sababu nimelibeba hili muda mrefu na hapa kazini kila mtu amechoka kunisikia.

"Mbali na Jua" , tamthilia yetu ya safari za anga, sasa iko msimu wa kumi na tisa. Kumi na tisa! Nilipoajiriwa tulikuwa waandishi watatu katika chumba kilichokuwa juu ya duka la rangi, tukinusa tapentaini kutwa nzima, na meza yetu tuliiwekea daftari chini ya mguu mmoja isiyumbe. Mzee aliyeibuni tamthilia hii alikuwa ameandika ubaoni kwamba chombo chetu hakirudi nyuma katika wakati, na kwamba anayekufa amekufa. Nilipomuuliza mbona anajifunga mikono hivyo, aliniambia anga haina mipaka, kwa hiyo lazima sisi tuwe nayo. Alistaafu msimu wa nane. Nasikia siku hizi anafuga kuku na runinga hana.

Leo tuko waandishi kumi na mmoja katika jengo la vioo. Ubao hakuna. Kuna skrini kubwa ukutani inayoonyesha watu wangapi wamehama kituo, dakika kwa dakika, nasi tunaitazama kama unavyotazama mashine za wagonjwa wako. Nahodha ameshakufa mara nne. Wale Wakimya, unawakumbuka? Wale maadui wasiosema neno, waliokuwa wakikufanya ujifunike kanga usoni na kuchungulia kwa jicho moja? Msimu wa kumi na nne walipewa sauti. Msimu wa kumi na sita mmoja wao akaimba. Sasa ni wanasesere wa dukani wenye betri, ukiwabonyeza tumbo wanacheka.

Miezi miwili iliyopita niliandika sehemu moja ambayo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sikuionea aibu. Ni watu wa chombo wanagundua kwamba maji waliyonayo yatawafikisha nusu ya safari tu, na wanakaa mezani kuamua nani anywe kiasi gani. Basi. Saa nzima ya watu na birika. Bosi aliisoma yote, akaja mpaka kwenye kiti changu, akasema ni nzuri, nzuri sana, imemgusa. Halafu akauliza inalipuka wapi. Nikamwambia hailipuki. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa hataki dawa. Iliporushwa hewani, tangi la maji lililipuka dakika ya kumi na mbili, na waliobaki wakaokolewa na Nahodha ambaye, kwa kumbukumbu zangu, tulikuwa tumemzika majuma matatu kabla yake.

Sasa nije kwa Fundi Mkuu.

Wewe huhitaji kuelezwa alitoka wapi. Kila alichokuwa nacho nilikichukua uani kwetu, kwa Mama. Zile friji za watu alizokuwa akizitengeneza, zimesimama bila milango, bisibisi aliyoichomeka Mama kwenye nywele kisha akaitafuta nyumba nzima, na ile tabia yake ya kulaza shavu kwenye mashine kusikiliza, kuipiga kofi moja ubavuni na kuiambia, "Haya mama, usinitie aibu mbele za watu." Nilimpa mwigizaji wake maneno hayo kama yalivyo. Mara ya kwanza alipoyasema mbele ya kamera ilibidi nitoke nje nikasimame kwenye ngazi.

Unajua pia kwamba sehemu ile ya msimu wa saba niliiandika mwezi mmoja baada ya mazishi ya Mama. Fundi Mkuu anabaki peke yake chumba cha mitambo, anaifunga ile valvu iliyokuwa ikivuja kwa mikono yake, anawaambia wenzake kwenye redio waendelee kula chakula chao kisipoe, na mlango unajifunga. Hakukuwa na muziki. Mzee alikataa muziki. Barua zilikuja magunia, lakini mimi nilichokihifadhi ni simu yako. Nilisikia unapenga kamasi, ukasema, "Umemzika vizuri." Sijawahi kupewa tuzo kubwa kuliko hiyo.

Halafu msimu wa tisa akarudi, hai, bila mkwaruzo, eti Wakimya walimwokoa sekunde ya mwisho. Uliizima runinga, na mwaka mzima hukunitajia tamthilia ile. Baada ya hapo akawa nakala iliyotengenezwa maabara. Akawa adui. Akafa, akarudi akiwa bibi yake Nahodha kutoka wakati mwingine. Kila uliponiuliza, nilikujibu kwamba wakubwa wameamua, mimi ni mwajiriwa tu. Nawe ukawalaani hao wakubwa kwa moyo wote, nami nikaitikia.

Mwezi uliopita mwigizaji wetu aliniita chumba chake cha kujipamba. Unamfahamu kwa sura. Sasa amezeeka, anatembea akishika ukuta. Alikuwa amekaa mbele ya kioo, nusu ya uso ina poda na nusu haina, na karatasi za siku ile ziko mapajani. Alinionyesha ukurasa ambao Fundi Mkuu anakufa tena, safari ya tano. Alisema, "Mwanangu, zamani ukiniambia nife, nilikuwa naanza kulia tangu nyumbani. Sasa nakufa Jumatatu, Alhamisi napigiwa simu nije kupimwa nguo. Nimejaribu machozi yamegoma. Sijui namlilia nani." Hakusema kwa hasira, Dada. Aliomba radhi, kana kwamba kosa ni lake. Juma lililofuata aliandika barua ya kuacha kazi.

Nilidhani basi, imekwisha, tutamwacha apumzike. Tukaitwa kikaoni. Bosi alikuja na mtu wa kompyuta, akatuwekea picha kwenye ile skrini. Ni Fundi Mkuu, lakini kijana, hana mvi hata moja, shavu limejaa. Wamechukua sura ya mwigizaji kwenye sehemu za zamani na sauti yake pia, na mashine ndiyo itakayoigiza. Bosi akasema uzuri wake huyu hatachoka wala hatastaafu. Mtu wa kompyuta akabonyeza, na yule binti wa kwenye skrini akalaza shavu kwenye ukuta wa chombo, akaupiga kofi, akasema, "Haya mama, usinitie aibu mbele za watu."

Wote walipiga makofi.

Nilisimama. Nilisema mambo mengi kwa mpigo na sauti yangu ikawa inapanda. Nikasema huyu mwanamke mwacheni afe, nikasema tamthilia hii imeoza kwa sababu hakuna tena anayeogopa kupoteza kitu, nikasema mmeharibu kila kitu tulichojenga. Nilisema mme-mme-mme mpaka mate yakanirukia kidevuni. Bosi alingoja nimalize. Hakukasirika, alishangaa kweli. Akauliza taratibu, mbele ya wote, "Kwani si wewe uliyetufundisha kwamba inawezekana?"

Dada, jina ulilokuwa unalitaka ni langu.

Hakuna mkubwa aliyeamua. Kikao kile cha msimu wa tisa tulikuwa sita. Mzee alikuwa ameshaondoka, ubao wake ulikuwa umegeuzwa ukutani, watazamaji walikuwa wanapungua, na Bosi aliuliza kama kuna mwenye wazo. Nilinyoosha mkono. Nikasema tunaweza kumrudisha Fundi Mkuu. Bosi mwenyewe ndiye aliyesita, akauliza watazamaji hawataona wamedanganywa? Nikamwambia watasamehe, nikamwandikia ukurasa mzima palepale. Siku hiyo ndiyo tamthilia yetu ilipokufa, na wauaji wote unaowasikia nikiwalaani walikuja baadaye kula msibani.

Sikufanya kwa ajili ya watazamaji. Nilifanya kwa sababu msimu wa nane mzima nilikuwa naenda kwenye seti ya kupigia picha na hakuna aliyekuwa anazipiga mashine kofi. Niliposema arudi, juma la tatu nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera nikimsikia. Nilikuwa naandika chochote nimpe aseme. Aniulize nimekula? Nikaandika Fundi Mkuu anamuuliza Nahodha amekula. Anigombeze kwa kuchelewa? Nikaandika. Miaka kumi nimekuwa nikimtamkisha Mama maneno ambayo hakuyasema, na kila mwaka kufanana kwao kunapungua, mpaka sasa nikifumba macho simpati Mama, nampata yule mwigizaji. Na kuanzia mwakani nitampata yule wa kwenye skrini.

Nimeacha kazi. Bosi amenipa mkono na kuniambia mlango uko wazi, na naamini alimaanisha. Wao wataendelea, msimu wa ishirini umeshaanza kupangwa, na yule binti wa mashine yumo tangu sehemu ya kwanza. Sina uwezo wa kuwazuia. Nilimtoa Mama mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na sasa ni mali yao.

Lakini kuna jambo lingine, na hili ndilo lililoniweka mezani tangu asubuhi. Ile sehemu uliyoniambia nimemzika vizuri, niliibuni yote. Valvu, redio, chakula kisipoe. Wewe ulikuwa na Mama miezi saba ya ugonjwa wake. Ulimgeuza, ulimwogesha, ulimlisha kwa kijiko. Mimi nilikuwa hapa napanga sayari, na nilipofika asubuhi ile alikuwa ameshafunikwa. Nikamwandikia kifo kizuri na nchi nzima ikakililia, na mpaka leo, miaka kumi na miwili, sijakuuliza hata mara moja kilikuwaje chenyewe. Kama alisema kitu. Kama aliogopa. Kama aliniuliza. Kila ulipotaka kuanza kuniambia nilikuwa nabadilisha mazungumzo, na nadhani uliona ukaacha.

Nakuja Ijumaa na basi la asubuhi. Ukiwa na hasira, nigombeze kwanza, nitakaa kimya mpaka umalize. Halafu naomba uniambie siku ile ilikuwaje, tangu alipoamka. Usinipunguzie. Kama haikuwa nzuri, niambie hivyohivyo.

Msalimie Shemeji, wabusu wapwa zangu, na hilo goti lipumzishe, usije kunipokea kituoni. Nitafika mwenyewe kwa miguu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda