Sajini Hakupita

Alhamisi. Jua la leo Garissa limekuwa kali kiasi kwamba hata korongo wa jalalani wameacha kugombania takataka. Wamejipanga kwenye kivuli cha ukuta wa hosteli ya wavulana, midomo wazi. Upepo hakuna. Nimeoga mara mbili na bado nanuka farasi.

Miezi imepita bila kuandika kitu hapa. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa naandika halafu nafuta.

Leo sifuti.

Nianze na lile nililowaficha karibu watu wote. Mwaka jana, wakati wa mitihani ya mwisho wa muhula, mama yangu alifariki upande wa kwetu Hadado akijifungua. Allah amrehemu. Nilikuwa ndani ya ukumbi, nafanya karatasi ya hisabati. Niliizika habari hiyo haraka kama tulivyomzika yeye, nikarudi chuoni baada ya siku kumi, nikaendelea na masomo. Kila mtu alinisifu kwamba nina moyo mgumu.

Kisha ikaja mitihani mingine. Nilifika mpaka mlangoni, kadi mkononi, kalamu mbili, kikokotoo. Msimamizi akasema vile wasimamizi wanavyosema siku zote, kwamba kila mtu azime simu na kuiweka mezani mbele. Kifua kikabana kama mtu amenikalia juu. Niligeuka nikaondoka, nikawaambia watu nina malaria. Mara ya pili, kwenye mtihani maalumu niliopewa kwa sababu ya hiyo malaria ya uongo, sikufika hata mlangoni. Nilikaa chooni mpaka saa tatu zikaisha.

Mara ya tatu ni Jumatatu hii. Nikikosa tena, kitivo kimesema wazi kwamba nitaondolewa kwenye kozi. Aabo, baba yangu, hajui lolote. Anawaambia watu wa Hadado kwamba mwakani binti yake atakuwa mwalimu wa hisabati.

Aliyegundua ni Bi. Mwende, mshauri wetu wa wanafunzi. Mkamba mmoja mfupi, anaongea polepole, na ofisi yake ina feni isiyofanya kazi. Nilienda kwake kuomba barua ya ugonjwa. Aliniangalia kidogo, akaniuliza kama napenda wanyama. Nikamwambia mimi ni mtoto wa wafugaji, swali hilo ni kama kuniuliza kama napenda hewa. Akaandika jina langu kwenye daftari. Ndivyo nilivyoingia kwenye kundi la farasi.

Ndiyo, farasi, na wako hapahapa Garissa.

Kuna daktari wa mifugo, mama mmoja, ana shamba kando ya mto, migomba upande mmoja na vichaka vya miiba vya mathenge upande wa pili. Anafuga farasi wawili. Amekubali wanafunzi sita tuende kila Alhamisi, tuwapige brashi, tuwasafishe kwato, tuwatembeze. Hatuwapandi. Bi. Mwende anakuja nasi na kukaa kivulini. Tukimaliza anatuuliza tumeona nini, na asiyetaka kusema anaruhusiwa kunyamaza. Kwa wiki tano mimi nilinyamaza.

Nilipowaeleza wasichana wa hosteli, mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Abaayo, dada yangu, watu wakichanganyikiwa husomewa Kurani. Wewe umepelekwa kwa faras?" Sikukasirika. Nami nilifikiri hivyohivyo. Kurani nasoma kila siku na inanituliza, lakini mlango wa ukumbi ulikuwa palepale.

Siku ya kwanza nilijiaibisha. Walinipa farasi mzee wa kijivu anayeitwa Sajini, jicho lake la kushoto halioni. Nikamkabili kwa ujasiri wote wa mtoto wa Hadado, nikampigia ile sauti tunayowapigia ngamia ili wapige magoti. Sajini alinitazama kwa jicho lake moja, akajamba. Kevo, mwanafunzi wa biashara kutoka Kisii, alicheka mpaka machozi. "Manze, amekujibu!"

Anayewatunza ni Ekai, Mturkana, polisi mstaafu aliyefanya kazi na farasi miaka mingi. Tunamwita Afande. Haongei sana. Alichotufundisha siku ile ni kwamba Sajini usimwendee upande wa kushoto kimyakimya kwa sababu hakuoni. Zungumza kwanza ajue upo, halafu weka mkono begani mwake. Yaliyobaki tulijifunza kwa kukanyagwa.

Sasa niseme ya leo.

Kutoka zizini kwenda kwenye kivuli kuna kichochoro cha vyuma ambacho daktari anawapitishia ng'ombe wakati wa chanjo. Ni chembamba, na ukiwa ndani vyuma vinakugusa mabegani. Kazi ya leo ilikuwa kumwongoza farasi kwa kamba mpaka upande wa pili. Kevo alitangulia na yule farasi mwingine, wa kahawia. Hawakumaliza hata dakika mbili. Wengine wakapita naye mmoja baada ya mwingine. Nikabaki mimi na Sajini.

Akasimama mlangoni.

Nikavuta kamba. Akainua kichwa. Nikavuta zaidi, akarudi nyuma hatua moja, nami nikaburutwa naye. Nikambembeleza, nikamkemea, nikamwonyesha nyasi. Jasho likawa linanitiririka ndani ya hijabu. Wenzangu walikuwa kivulini wananitazama, na nilianza kusikia kile kifua kinabana.

Afande alikuja akasimama pembeni, mikono mgongoni.

"Dada, unamvuta apite," akasema, "na wewe mwenyewe hutaki kupita. Hebu angalia miguu yako."

Nikaangalia. Mguu mmoja ulikuwa mbele, lakini mwili wote nilikuwa nimeuegemeza nyuma. Visigino vilikuwa vimechimba mchanga. Mtu akinitazama kutoka mbali angesema ni mimi ninayeburutwa kuingizwa mle ndani.

"Nifanye nini sasa, Afande?"

"Legeza kamba. Simama naye."

"Mpaka lini?"

"Mimi sina haraka."

Akaenda kukaa kwenye mtungi wa maji uliopinduliwa, akatugeuzia mgongo. Bi. Mwende akawaita wenzangu waende kuosha brashi bombani. Sijui kama ilipangwa. Nikabaki na mnyama mkubwa anayepumua karibu na sikio langu, na mbele yetu kile kichochoro.

Nikaanza kumsemesha kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Kwanza yalikuwa maneno ya bure tu, kuhusu joto na nzi. Nilikuwa nasema Kisomali bila kukusudia. Halafu sijui ni nini kilifungua, nikamweleza ya ile siku.

Nilimweleza kwamba nilipotoka kwenye ule mtihani wa hisabati nilikuwa na furaha, karatasi ilikuwa rahisi. Nikawasha simu. Kulikuwa na simu tatu zilizokosa kupokewa, zote kutoka namba ya Hooyo, mama yangu. Nikajisemea nitampigia nikishakula. Nikaenda kula. Nilikula wali, nilikumbuka hata kuongeza ndimu. Nilipompigia, alipokea shangazi yangu, na alikuwa analia.

Mvua ilikuwa imenyesha baada ya ukame mrefu, gari lililokuwa linampeleka hospitali Wajir likakwama kwenye matope. Mtoto alizaliwa mzima ndani ya gari. Hooyo damu haikusimama. Na katika saa hizo, mara tatu, alinitafuta mimi, nami nilikuwa nimezima simu nikitafuta jibu la swali la nne.

Hilo ndilo lililokuwa limenikalia kifuani. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilimwambia farasi.

Ningependa kuandika kwamba Sajini aliweka kichwa chake begani mwangu. Hakufanya hivyo. Alitafuna pindo la hijabu yangu, akaona halina ladha, akaacha. Lakini hakuondoka, na hakunionea huruma. Hakuniambia ni kudura ya Mungu, nyamaza, jikaze, kama watu walivyoniambia wakinitakia mema. Nililia nimeshika singa zake, mbele ya mgongo wa Afande, mpaka nikawa nimemaliza.

Muda ukaisha. Sajini hakupita. Afande alichukua kamba, akamzungusha kwa lango la upande mwingine, akamrudisha zizini kana kwamba hakuna lililotokea. Nilimuomba msamaha kwa kushindwa. Akanishangaa. "Nani amekwambia umeshindwa? Huyu kuna wiki hapiti hata na mimi."

Bi. Mwende alituuliza tumeona nini. Nilisema jambo moja tu, kwamba miguu yangu ilikuwa inaenda nyuma. Akaandika. Hakuniuliza zaidi.

Gari la chuo lilitushusha karibu na soko. Wengine walienda kunywa soda. Mimi nilisimama pembeni mwa duka la mikeka, nikampigia Aabo. Sikuwa nimepanga. Nadhani ni kwa sababu maneno yalikuwa yameshatoka mara moja, na mara ya pili hayakuwa mazito vile.

Nilimweleza yote. Malaria ya uongo, choo, barua ya kitivo, Jumatatu. Kisha nikamwambia kuhusu zile simu tatu, kwamba Hooyo alinitafuta na hakunipata.

"Hodan," akasema. "Ni nani amekwambia mama yako alikupigia?"

"Ilikuwa namba yake, Aabo."

"Simu ilikuwa yake. Aliyepiga ni mimi. Yangu haikuwa na chaji."

Nikaegemea ukuta wa duka.

"Yeye alinikataza," akaendelea. "Alisema, mwache Hodan, yuko kwenye mtihani, utampigia akitoka. Mimi niliogopa, nikapiga tu. Sikuwa na la kukwambia. Nilitaka kusikia mtu."

Baba yangu ni mtu wa kuhesabu ngamia kwa macho na kutoa amri kwa kidole. Sijawahi kumsikia akisema neno "niliogopa". Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miezi yote hii. Akasema alidhani najua. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema alidhani siji nyumbani likizo kwa sababu namlaumu. Kwani usiku ule uchungu wa Hooyo ulipoanza, yeye alisubiri mpaka alfajiri ndipo akatafuta gari.

Kwa hiyo tumekaa hivyo, yeye Hadado na mimi Garissa, kila mmoja akimkimbia mwenzake kwa kosa ambalo mwenzake hakumshtakia.

Nilimwambia simlaumu. Ni kweli. Mvua ilinyesha usiku mzima, hakuna gari ambalo lingepita. Aliitikia kwa kusafisha koo.

"Sasa Jumatatu," akasema, "ingia, zima simu. Mimi sitapiga."

"Na mkipata shida?"

"Tutakuwa nayo. Utaikuta ukitoka."

Kisha akaniuliza, kana kwamba ndiyo kwanza amesikia, "Umesema faras?" Nikamweleza kuhusu Sajini. Akataka kujua ana umri gani, anakula nini, na kwa nini jicho moja halioni. Aliuliza maswali mengi kuhusu farasi kuliko aliyouliza kuhusu mimi, nami nilimwelewa. Nyuma yake nilimsikia mdogo wangu akilia, yule aliyezaliwa garini. Sijawahi kumbeba. Mazishini alikuwa mikononi mwa shangazi na mimi niliangalia pembeni. Nilimuuliza Aabo ana meno mangapi. Mawili, akasema, na yote mawili ameshamng'ata nayo.

Sasa ni jioni. Kichwa kinaniuma kwa kulia na jua. Sijisikii nimepona, na nisingependa mtu asome haya adhani kwamba ukipiga farasi brashi mara sita mambo yako yanakaa sawa. Mlango wa ukumbi bado upo. Sura mbili za kitabu sijazigusa. Mwili wangu una mazoea yake, na haujui nilichoambiwa leo kando ya duka la mikeka.

Nimemwandikia Bi. Mwende ujumbe mrefu, nimemweleza kila kitu nilichomweleza Sajini na alichonieleza Aabo. Amejibu kwamba Jumatatu atasimama nje ya ukumbi kuanzia saa mbili asubuhi, nikimhitaji nimkute.

Nimemjibu asijisumbue, nitaweza mwenyewe.

Nimeweka simu chini, nimefungua kitabu, nimesoma mstari mmoja mara nne. Halafu nimeichukua simu tena, nikamwandikia: njoo.