Safu Moja ya Matuta Hadi Jumatatu

Jumatano, mwezi wa tatu. Mawingu, baridi. Mvua ya alfajiri imekatika.

Njia yangu ya kwenda kijitoni haipo tena. Kanieleza Mama Yustina, mwenye shamba, leo saa nne asubuhi, jembe begani.

Mwaka jana msomaji mmoja wa makala zangu za matembezi aliniomba niandike matembezi yanayofikika kwa safari fupi ya treni. Sumbawanga haina reli. Nikaandika ya bajaji: dakika ishirini kutoka mtaa wa Kizwite, unashuka lami inapoishia, kisha saa moja kwa miguu hadi kijitoni, tambarare mwanzo mwisho.

Dada yangu Felista akaisoma makala hiyo. Tangu apasuliwe nyonga hajavuka geti lake ila kwenda kliniki. Amekubali kutembea Jumamosi hii, kwa sharti moja: "Kukiwa na kilima hata kimoja, usinipigie simu tena."

Njia nyingine zote ninazozijua zina kilima.

Kwa hiyo leo nilikwenda kukagua. Nilikuta matuta ya duara, moja kando ya jingine, nyasi zimefukiwa ndani zioze, maharage yamepandwa juu. Mwakani yatatawanywa, upandwe ulezi. Ndivyo tunavyolima Ufipa. Ramani iliyotoka na makala niliichora mwezi wa tisa, shamba likiwa limelala, na sikumuuliza mtu.

Nimezaliwa hapa. Sina kisingizio.

Nilichuchumaa, nikapiga makofi taratibu kama ilivyo desturi yetu, nikamwamkia.

"Marahaba. Ni wewe uliyewaandikia watu wapite kwangu?"

"Ni mimi, mama."

"Jumapili wamepanda juu ya matuta wapige picha. Maharage yangu wameyafanya ngazi."

Nikaomba radhi.

"Ukiandika habari za mtu hujamuuliza, huko kazini kwenu mnaiitaje?"

"Kosa."

"Kumbe jina lake mnalijua."

Nikamweleza habari za Felista, bila kuongeza chumvi. Alisikiliza huku akikwangua tope kwenye jembe.

"Fimbo anatumia?"

"Moja."

Akaenda ukingoni mwa shamba, kwenye ukanda ambao bado haujalimwa. Akasimamisha mpini wa jembe kama fimbo kando ya tuta la mwisho, akaweka mguu wake ubavuni mwa mpini, akapiga hatua. Akarudia hadi mwisho wa shamba, bila haraka.

"Anapita. Safu hii nilikuwa niifunge kwa matuta kesho. Nitaifunga Jumatatu. Ila atangulie yeye, nyie wa picha mkae nyuma yake."

Mchana nimeiondoa ramani ya zamani na kuandika kwamba nilikosea, na kwa nini. Hiyo ilikuwa rahisi. Kumpigia Felista kulinichukua muda zaidi.

Aliuliza kama kuna kilima. Nikasema hakuna, ila kuna mama mwenye jembe.

 Akasema raba ameshazifua, ziko kambani tangu jana.

Jumamosi saa mbili asubuhi, lami inapoishia. Jumatatu safu inafungwa.