Baba Amesema Panapouma

Mama yangu,

Imani amejibandika kikombe cha hijama shavuni sasa hivi. Kimemwachia duara jekundu na bado anacheka. Usiogope, mjukuu wako mzima. Mvua imetuzuia hapa Shauri Moyo kwa Ustadhi anayemuumika Baba mgongo kwa vikombe hivyo kumpunguzia maumivu.

Nilikaa nje ya pazia nikawasikia.

"Inauma wapi, Afande?"

"Niko sawa."

"Hapa je?"

"Sawa tu."

"Kumbe umetoka Voi kuja kunisalimia! Basi vaa shati tunywe chai. Usiposema, mzee wangu, vikombe nitaweka wapi?"

Nikamsikia Baba akichukua shati. Nikajua tutarudi na maumivu yale yale. Halafu nikasikia sauti ndogo: "Kiunoni, kushoto. Tangu lori letu lilipopinduka jeshini. Usiku silali."

Mama, si alituambia ni godoro? Na wewe ukabadilisha godoro, ukamshonea na mito. Imenisikitisha sana kwamba amevumilia peke yake mpaka akastaafu, na wa kwanza kuambiwa ni mtu baki. Ustadhi anasema hawezi kuyaondoa maumivu yote, atayapunguza tu, na dawa za hospitali asiache. Mimi nina matumaini. Leo amekula mahamri na mbaazi akaomba nyongeza.

Akirudi usimgombeze, Mama. Mkande maji moto, umuulize polepole. Tunakupenda na tumekukumbuka. Ngoja, ananiita: "Mama Imani, njoo unishike niinuke." Baba huyu huyu, Mama, ambaye hata fimbo alikuwa akiikataa.