Wageni wa Msiba

Keko, Temeke
Jumapili, 8 Juni

Kwa dada yangu Hawa,

Shikamoo dada. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na mtama mmeshamaliza kuuvuna, au ndege wamewahi kabla yenu? Mie mwili hauniumi, ila raha sina. Ningekupigia simu, lakini najua nikisikia sauti yako nitanyamaza tu mpaka salio liishe. Bora niandike. Rehema ataipeleka barua hii stendi, ampe kondakta wa basi la Newala.

Nina jambo nimelifanya, na nataka ulisikie kwangu.

Unakumbuka ulipokuja kututembelea, nyumba hii ya Mama Deo ilikuwa na wapangaji vyumba vyote vinne, nasi tukikaa kile chumba cha uani. Tangu mgongo uniachishe useremala, kazi yangu ni kuifagia na kuilinda, na chumba ndiyo ujira wangu. Basi mwaka jana wapangaji walihamishwa. Deo alimwonyesha mama yake kwenye simu jinsi watu siku hizi wanavyokodisha vyumba kwa siku moja moja, mgeni anachagua kwa picha. Vyumba vikapakwa rangi nyeupe, wakaanza kuja watu na mabegi ya magurudumu. Vitanda wanavyolalia ni vile vya mninga nilivyovitengeneza kwa mikono yangu. Wifi yako ndiye aliyenifundisha kukunja taulo vizuri na kuweka kasabuni kadogo juu yake. Mie nilikuwa nazikunja kama gunia, akawa ananicheka.

Siku wifi yako alipofariki, chumba cha pili mgeni alikuwa amefungulia muziki. Hakujua kuna mtu anaondoka. Sikwenda kumwambia apunguze. Mama Chausiku, aliyekuwa mpangaji wa chumba hicho hicho, alitoka Tandale alikohamia akaja kumwosha.

Majirani walikuwa wamelalamika siku nyingi. Leo anaingia huyu, kesho yule, hakuna anayejua nani ni nani, na watoto wanacheza pale pale getini. Mkutano wa mtaa ukatangaza kwamba nyumba yoyote inayolaza watu kwa siku itahesabiwa gesti. Iwe na leseni, vyoo vikaguliwe, pawe na mapokezi na daftari la wageni: jina, anakotoka, anakokwenda. Sikuona ubaya. Hata mie usiku wangu wa kwanza Dar nililala gesti, nikaandikwa hivyo hivyo. Lakini Mama Deo aliona ni kusumbuliwa. Akanifuata uani.

“Baba Rehema, wakija wakaguzi, sema hao ni wageni wako.”

“Wageni wangu wa nini, mama?”

“Wewe si umefiwa? Arobaini bado. Nani atamuuliza mfiwa wageni wake? Au unataka wafunge nyumba, ukalale barazani kwa watu?”

Nilikitazama chumba. Kanga zake bado zinaning'inia msumarini, na kijiko chake cha mbao kile ulichomletea wewe. Nikakubali, dada.

Jumatano mchana akaja afisa wa manispaa, mama wa makamo, na faili lake. Siku hiyo ndani alikuwemo mgeni mmoja tu, binti aliyetoka Dodoma kufanyiwa usaili wa kazi. Nilikuwa nimemwomba asubuhi ajifanye mfiwa. Akaniuliza, “Sasa mzee, mie nikiulizwa niseme nini?” Nikamwambia aseme ni mdogo wake marehemu, na marehemu ni Mama Rehema.

Mama Deo akadakia, “Na simu uweke chini. Mfiwa gani anajipiga picha?” Binti akacheka. Hata mie nilitabasamu, Mungu anisamehe.

Yule afisa aliposikia ni msiba, alifunga faili. Akavua viatu mlangoni, akaketi nasi mkekani. Akanipa pole, kisha akamgeukia binti. “Pole mdogo wangu. Kumpoteza dada si kitu kidogo.”

“Tumeshapoa,” binti akajibu kwa sauti ndogo.

“Basi tumsomee Fatiha. Anaitwa nani marehemu?”

“Mama Rehema.”

“Hilo la mwanawe. Jina lake mwenyewe, alilopewa na wazazi wenu.”

Binti akanitazama. Dada, sikuwa nimemwambia. Miaka yote hiyo nani humu ndani alimwita kwa jina lake? Nilimwita Mama Rehema, majirani vile vile, na asubuhi ile nikalitoa jina hilo hilo nikidhani linatosha. Mdogo mtu asijue jina la dada yake. Mama Deo alikuwa amesimama mlangoni, akashika upindo wa kanga.

Nikasema mwenyewe, “Mwanaidi binti Issa.”

Afisa aliinua mikono akasoma Fatiha yote mpaka mwisho, akapangusa uso. Kisha akavaa viatu, akaniambia taratibu, “Mzee, hebu nifungulie hivyo vyumba.” Akazikuta taulo vitandani, kila moja na sabuni yake. “Wafiwa wa hapa mnakaribishwa vizuri,” akasema. Hakucheka. Ningefurahi kama angenitukana.

Vyumba vimefungwa mpaka leseni ipatikane. Mama Deo ameanza kutimiza masharti, na mapokezi yatakuwa hiki chumba changu cha uani, maana ndicho kilicho karibu na geti. Ameniambia, “Umeniponza, Baba Rehema,” nami nihame kabla mwezi haujaisha. Daftari la wageni limeshanunuliwa. Mpaka nitakapohama, Mama Deo anataka niandikwe humo kama mtu mwingine yeyote, asije akakamatwa tena. Nimeandika jina, nimeandika natoka Newala. Palipoandikwa anakokwenda nimepaacha wazi. Rehema ana chumba kimoja, na mume, na watoto watatu.

Usinitumie nauli. Kwanza nitafute kipande cha mninga kwa mafundi wenzangu wa zamani, nimchongee kibao cha kaburi chenye jina lake lote.

Nisalimie shemeji, mume wako, na mjomba mchonga vinyago, na yule bibi jirani anayekuchotea maji. Alhamisi mnapomsomea arobaini huko nyumbani, mwambie maalimu marehemu ni Mwanaidi binti Issa. Asisome Mama Rehema.

Ni mie mdogo wako, Hamisi. Na mie mnikumbuke.